Elimu na Kura: Maneno ya Kamati ya Fedha kwa Vijana wa Mbinga na Nyasa

(Yalisomwa kwenye harambee ya mwaka, Dar es Salaam, Septemba 2024)



Kamati ya Fedha huitwa mbele kusoma michango tu. Leo Mwenyekiti ametupa dakika kumi za kuzungumza na vijana kuhusu elimu na kura. Tumekubali, ingawa mtaona kwamba nasi tunayarudisha yote kwenye fedha.

Wengi wetu wenye miaka arobaini na kitu tulisomeshwa na kahawa. Mzee aliuza, akalipa ada, akabaki na deni la mbolea. Mwingine aliuza kwa magoma, kahawa ikiwa bado kijani mtini, na bei akapangiwa na mwenye fedha. Kule ziwani, Mbamba Bay na Liuli, ada ilitoka kwenye usipa na dagaa. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita nacho kikaingizwa. Pamoja na hayo, bado kuna kijana anayeacha shule kwa ajili ya msimu wa kahawa, nyavu au bodaboda. Hatumlaumu sana. Noti ya leo anaishika mkononi, na cheti ni cha miaka minne ijayo.

Sasa tuwape kisa, nacho kinatuhusu sisi wenyewe.

Miaka michache iliyopita chama chetu kilipeleka bati 120 na saruji kwa ajili ya bweni la wasichana. Kijiji hatukitaji, maana shauri lake halijaisha na ndugu zetu wamo humo. Tulipokwenda kula Krismasi tukakuta paa la upande mmoja. Tukahesabu: bati 74. Taarifa tuliyopewa ilisema bati zote zimetumika, na ilikuwa na mhuri.

Aliyetusaidia ni kijana wa kidato cha nne aliyekuwa amefanya kibarua cha kushusha mzigo siku ile lori lilipofika. Alikuwa ameandika kwenye daftari lake la hisabati, kurasa za nyuma: bati ngapi zimeshushwa, ngapi zimeingia stoo, ngapi zimepakiwa tena usiku. Tarehe zipo. Hakufanya hivyo kwa upelelezi. Alitaka tu kujua kibarua wake alipwe kiasi gani. Sisi wahasibu wenye shahada zetu hatukuwa na karatasi nzuri kama ile. Tulikuwa tumetoa mali bila hata hati ya makabidhiano, na kosa hilo ni letu.

Tulimwuliza kwa nini hakusema kwenye mkutano wa kijiji. Akajibu, "Mimi sikujiandikisha kupiga kura, nikajua sina sauti."

Jibu hilo halijatutoka kichwani. Elimu ilimpa hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe ana kadi ya mpiga kura au hana. Unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Kijana yule angesimama na daftari lake, mwenye mhuri angetakiwa kujibu mbele ya watu.

Lakini kuuliza peke yake hakutoshi. Mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji wanakaa miaka mitano, na wanaowaweka pale ni wapiga kura. Tazameni kilicho mikononi mwa viongozi hao na kamati za shule. Ruzuku ya shule ya msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya watoto 600 ni shilingi milioni 6. Panda ngazi ya halmashauri, ambako madiwani wanasimamia asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inataka itengwe kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya vijana tunavyoombwa kuvisaidia vinakwama kwenye katiba na vitabu vya hesabu. Mradi wenyewe unaweza kuwa mzuri tu.

Mtatuuliza: kura itafanya nini, wakati mwaka 2019 vijiji vingi vilipata wenyeviti waliopita bila kupingwa? Hatutajifanya hatukumbuki. Vyama vya upinzani vilijitoa vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa. Chama chetu hiki cha maendeleo hakina upande katika hilo. Tunachosema ni kwamba kwenye kitongoji kura kumi zinaweza kuamua, na mwenye miaka 21 anaruhusiwa kugombea. Mnajuana wote pale. Mnamjua mwenye mkono mrefu.

Sasa tafadhali sikilizeni hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Yako madaftari mawili. Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa ni tarehe 27 Novemba mwaka huu, na uandikishaji wake ni tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kwenye kitongoji au mtaa unakoishi. Kadi yako ya zamani haikuingizi kwenye orodha hiyo. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni jambo jingine: ni la Tume, kwa ajili ya uchaguzi wa rais, wabunge na madiwani mwakani. Uboreshaji wake umeanzia Kigoma tarehe 20 Julai na unazunguka nchi nzima. Ukihama, unahamisha taarifa zako. Atakayetimiza miaka 18 kabla ya siku ya uchaguzi naye anaandikishwa.

Na sisi wakubwa tusijifiche nyuma ya vijana. Juzi kwenye kikao tuliulizana kadi zetu zinasomaje. Watu wanne katika sita bado tumeandikishwa Mbinga, na mwaka 2020 hatukusafiri. Tumechangia bati kila mwaka na kura hatukupiga kokote.

Harambee ya leo ni ya kumalizia bweni lile lile. Safari hii bati zitapokelewa kwa hati yenye saini tatu, na moja itakuwa ya kijana yule wa daftari, ambaye sasa anasomea ualimu na amekubali kupanda basi kwenda kuzihesabu. Mezani kwa Mweka Hazina kuna bahasha za michango, na pembeni kuna karatasi yenye tarehe za uandikishaji. Chukueni zote mbili.