Kibali cha Ujenzi: Je, Serikali Nayo Iombe?



Ukijenga kibanda cha duka nyuma ya nyumba yenu, askari wa kaunti watafika kabla saruji haijakauka. "Kibali kiko wapi?" Lakini serikali kuu ikileta tingatinga na kuzungushia mabati nusu ya mtaa, tunaambiwa "huu ni mradi wa serikali", basi sote kimya.

Sasa sikizeni. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inasema mtu hafanyi ujenzi ndani ya kaunti bila ruhusa ya kaunti hiyo. Katiba, Kifungu cha 2, inafunga kila mtu na kila chombo cha dola, ngazi zote mbili. Kifungu cha 189 nacho kinataka kila serikali iheshimu kazi za mwenzake, na upangaji wa ardhi ya kaunti ni kazi ya kaunti. Mawakili wa serikali watasema kaunti moja haiwezi kuzuia bandari au reli ya nchi nzima. Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Lakini ukubwa wa mradi si ruhusa ya kutomuuliza mtu.

Wavuvi wa Lamu wanalijua hili. Ujenzi wa bandari ulizinduliwa Machi 2012. Bahari ikachimbwa, mikoko ikakatwa, sehemu za kuvulia zikaharibika. Wao hawakurusha mawe, walikwenda kortini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi ikasema haki zao zilivunjwa, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na kaunti yenyewe haikuhusishwa inavyotakiwa. Wavuvi kama 4,600 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.76, ingawa malipo yenyewe yalizungushwa miaka. Na bandari je? Ipo. Gati ya kwanza ilianza kazi 2021. Kwa hivyo anayewaambia kwamba kuuliza kibali ni kupinga maendeleo, mwambieni atembee Lamu.

Wallahi jambo hili si geni kwetu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (RA) alipotaka kupanua Msikiti wa Mtume (SAW), nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa njiani. Abbas akakataa kuitoa. Khalifa mzima hakuleta watu wa kubomoa usiku. Walikwenda kwa Ubayy bin Kaab awaamue, na Ubayy akampa haki Abbas. Hukumu ilipotoka ndipo Abbas akaitoa nyumba bure kwa ajili ya Waislamu. Na huo ulikuwa msikiti, jamani, si barabara!

Basi mkiona mabati yamezungushwa, tafuteni kwanza bango la mradi. Halipo? Pigeni picha. Kisha andikeni barua kwa ofisi ya mipango ya kaunti, na nyingine kwa NEMA, mkiomba nakala ya kibali na ripoti ya athari kwa mazingira. Tajeni Kifungu cha 35 cha Katiba. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Hakikisheni nakala yenu imepigwa muhuri wa kupokelewa, maana hiyo ndiyo wakili ataiuliza kwanza, si video ya TikTok hata ikiwa na watazamaji elfu kumi. Siku ya 22 ikifika na hamjajibiwa, ipelekeni nakala hiyo kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kulalamika pale hakulipiwi hata shilingi.