Machimbo ya Elfu Kumi



Kila anayeuza kwa simu siku hizi, awe anauza madera, mikoba au vipodozi, ujumbe huu anaujua: machimbo 100 ya Kariakoo na China, bei ya jumla, lipia elfu kumi tu, ofa mwisho leo usiku. Ukilipa unatumiwa faili la majina ya maduka na namba za simu, au unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Nimeona tuyazungumze machimbo haya leo kwa sababu fedha inayopotelea humo ni mtaji wa dada zetu na vijana wetu, na mara nyingi mtaji huo umekopwa kikoba.

Anayeishi jirani na Kariakoo hana haja na orodha hiyo. Anapita Mtaa wa Kongo, anakatiza Narung'ombe, anauliza bei duka kwa duka mpaka aridhike. Lakini aliye Saadani, huku kwetu pwani, ng'ambo ya Mto Wami, kwake safari hiyo ni nauli, ni siku nzima, na mvua zikikolea ni mashaka matupu. Huyo ndiye mteja wa machimbo, na ndiye rahisi kuibiwa, kwa kuwa duka hajaliona.

Sisemi kila orodha ni ya wizi. Wapo wanaofahamu Kariakoo fremu kwa fremu na jasho lao ni halali kulipwa. Ila kabla hujalipa, jiulize mwenye orodha anakula wapi. Kama anakula kwako tu, ukishalipa shughuli yake imekwisha, upate mzigo usipate. Kama anakula kwa maduka yaliyomo, basi kila mwenye kulipa huandikwa, mwema na mwizi pamoja. Hata wakubwa jambo hili limewakuta. Mwezi Februari mwaka 2011, kampuni ya Alibaba ya China ilikiri kwamba wauzaji zaidi ya 2,300 waliokuwa wamelipia hadhi ya dhahabu katika mtandao wake walikuwa wamewatapeli wanunuzi, na kwamba baadhi ya wafanyakazi wa mauzo wa kampuni hiyo walishiriki kuwaingiza. Mkurugenzi mtendaji, David Wei, akajiuzulu. Hadhi ile ilikuwa ya kulipiwa, na mnunuzi aliye mbali akaiona ni dhamana.

Kuna ujanja mmoja wa orodha zetu unaonitia hasira hasa. Jina la duka ni la kweli. Duka lipo, lina wateja, picha za bidhaa ni zake. Namba ya simu tu ndiyo ya tapeli. Ukimuuliza jirani kama duka hilo lipo atakujibu kwa nia njema kwamba lipo, nawe unatuma fedha. Kwa hiyo namba itafute pengine, nje ya orodha: kwenye risiti ya mtu aliyewahi kununua pale, au kwenye mfuko wa duka lenyewe. Namba zikipishana, acha.

Simu yako nayo ni shahidi. Unapolipa, kabla hujathibitisha kwa namba ya siri, jina la mpokeaji hutokea kwenye kioo. Watu wengi hupita hapo mbio mbio. Simama, ulisome. Umeambiwa unalipa kampuni, linatokea jina la mtu ambaye hukutajiwa kabisa: ghairi, muulize kwanza. Jina la kampuni utalitafuta kwa mtandao BRELA, kwa wasajili wa kampuni. Na mwambie muuzaji mapema kwamba unataka risiti ya EFD, halafu msikilize anavyojibu.

Mtu wa jumla hutambulika pia kwa maneno. Muulize bei ya jumla inaanzia pisi ngapi, atakujibu hapo hapo, kwa sababu ndiyo kazi yake ya kila siku. Muulize fremu yake inatazamana na nini. Mwombe akupigie simu ya video akiwa dukani. Anayekwambia hata pisi moja utapata kwa bei ya jumla, ilimradi ulipe sasa hivi, huyo mwache. Na kundi la WhatsApp ambalo admini peke yake ndiye anayeandika, mimi siliamini hata kidogo. Aliyeibiwa humo hana pa kusemea.

Hapa Bagamoyo hesabu hii ya kumuuliza aliyekwisha kununua ni ya siku nyingi. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja akiandaa msafara wa kwenda bara kupitia hapa, hakujua anunue doti ngapi za kitambaa cha merikani wala shanga za rangi gani. Ameandika mwenyewe kwamba alichokipata kwa Sheikh Hashid, mzee aliyekwisha kutuma misafara bara, kilizidi alichokipata kwa miezi mitatu ya kusoma vitabu. Mzee yule alikuwa amenunua, amefungasha na amesafirisha.

Basi wauzaji wa Saadani na vijiji jirani, watafuteni wa namna hiyo. Mwulizeni mwenye duka la mjini aliyefunga mzigo mwezi uliopita. Changishaneni nauli, mtumeni mmoja wenu mnayemwamini aende Kariakoo, apige picha za fremu, arudi na risiti na namba za simu, na orodha hiyo iwe yenu bila malipo. Mzigo wa kwanza agizeni kidogo, ule ambao hata ukipotea biashara haifi. Na ukitumiwa ujumbe wa kitapeli, usiufute ukanyamaza: utume pamoja na namba ya mtumaji kwenda 15040, ni namba iliyowekwa kwa kazi hiyo, na wanakundi wenzako waambie siku hiyo hiyo.