Maji ya Sabuni, Si Kiberiti

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi na kamati za sharika pamoja na wafadhili)



Wapendwa wajumbe wa kamati na marafiki zetu wafadhili, tunamshukuru Mungu kwa majiko ya gesi yaliyopunguza moshi na adha ya kuni sharikani. Lakini tuungame jambo moja: tulikabidhi mitungi bila kufundisha namna ya kuikagua. Katika ziara ya ufuatiliaji tulimkuta mama mpishi akitafuta kwa kiberiti mahali gesi inapovuja. Mungu alitulinda, koki ilikuwa bado haijafunguliwa.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Kwa asili haina harufu. Ile tunayoisikia huongezwa makusudi ili ituonye.

Ukaguzi ni rahisi. Zimeni jiko, fungueni koki ya mtungi, kisha pakeni maji ya sabuni kwenye regulata, mpira na maungio yote. Mapovu yakizidi kutokea, gesi inavuja: fungeni koki, mwiteni fundi. Mkisikia harufu kali, msiwashe moto wala kugusa swichi ya umeme. Fungueni milango na madirisha, watu watoke nje.

Tunaomba kila kamati iteue mkaguzi na kuweka daftari. Kila mtungi unapobadilishwa, ukaguzi uandikwe. Nanyi wafadhili, tunaomba bajeti ijayo iwe na fungu la mafunzo na mipira mipya. Jiko lililotolewa kwa upendo lisije likaleta msiba.