Tu Youyou na Dawa ya Pakanga

Dawa mseto unayopewa zahanati ukipimwa ukakutwa na malaria ina deni kwa mwanamke wa Kichina, Tu Youyou, aliyezaliwa Ningbo mwaka 1930.

Mwaka 1969 alipewa kuongoza kikundi katika utafiti wa siri wa serikali yake. Malaria ilikuwa ikiangamiza askari katika vita vya Vietnam, na klorokwini ilikuwa imeshindwa. Kikundi chake kilipekua vitabu vya tiba za jadi, kikakusanya maelezo ya dawa zaidi ya 2,000. Mmea uitwao pakanga ulitia matumaini, kisha ukagoma maabarani. Hapo ndipo uhodari wake ulipoonekana. Alirudi kwenye andiko la tabibu Ge Hong, la karne ya 4, linaloagiza pakanga ilowekwe majini na kukamuliwa. Haichemshwi! Tu akashuku kwamba moto ndio unaoiharibu dawa. Akatumia etha badala ya maji, kwa kuwa huchemka kwa nyuzijoto 35 hivi. Oktoba 1971 dawa hiyo ya pakanga, ambayo ndiyo msingi wa dawa mseto ya leo, ikamaliza vimelea vyote katika panya. Mwaka 1972, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, yeye na wenzake waliinywa wao kwanza.

Kwa miaka mingi dunia haikumjua. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015, akiwa na miaka 84, bila shahada ya uzamivu.

Tafadhali, chai ya pakanga ya nyumbani si mbadala wa dawa mseto, kwa kuwa kipimo chake hakitabiriki. Meza vidonge vyote vya siku 3, hata homa ikishuka siku ya kwanza.