Tusingoje Wengine Watusikilizie

(Hotuba iliyotolewa Kimamba katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nilipopanda treni pale stesheni na sanduku langu la bati, sikudhani kwamba ningerudi Kimamba kuhutubia watu. Niliombwa nizungumze juu ya faida za elimu. Mtaniwia radhi, kwani nitazungumza juu ya muziki na juu ya kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2020 kijana wangu alikuwa kidato cha tatu. Jioni moja nilirudi kazini nikakuta nyumba inatetemeka. Nikamwambia, "Zima makelele hayo." Akazima bila kujibu.

Wiki chache baadaye nilisoma katika jarida la Kiingereza makala ndefu iliyohakiki albamu ya vijana wawili wa Nairobi waliojiita Duma. Muziki wao ulikuwa roki nzito sana, ile inayoitwa metali. Martin Khanja aliimba kwa kunguruma na kupiga ukunga, na Sam Karugu alishughulikia gitaa na mitambo. Ngoma zake hazipigwi na mtu. Hutoka katika kompyuta, tena kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauiwezi. Albamu hiyo waliirekodi Kampala, ikatolewa Agosti 2020 na kampuni ya huko huko, Nyege Nyege Tapes. Wahakiki wa Uingereza na Marekani waliisifu.

Nikamwita kijana wangu. "Unawajua hawa?" Akaniambia, "Baba, ndio wale uliosema nizime." Kisha akaongeza kwa upole, "Kumbe ulikuwa unangoja Wazungu wakuruhusu?"

Ndugu zangu, swali hilo lilinichoma. Mimi niliyesoma hapa, nikafika Chuo Kikuu, na ambaye kila siku naandika barua za serikali kwa Kiswahili, nimehukumu mara mbili bila kusikiliza hata mara moja. Kwanza nililaani kwa sababu ya umri wangu, halafu nikasifu kwa sababu ya Kiingereza cha mwingine.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Marehemu baba yangu alifanya kazi katika mashamba ya mkonge, na elimu yake ilikuwa ndogo. Lakini redio ilipopiga wimbo wa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, yeye na wenzake walibishana mpaka usiku. Mmoja alisema solo imezidi, mwingine alisema besi imelala, wa tatu alitaka kujua maneno yale yalimlenga nani. Huo ulikuwa uhakiki kamili, na wala hawakungoja gazeti la ng'ambo liwaambie kama Mbaraka anajua gitaa.

Basi mimi na kijana wangu tulikaa tukaisikiliza albamu yote, tukaandika nusu ukurasa kwa Kiswahili. Kazi ilikuwa ngumu. Tulibishana kama sauti ile ni mngurumo, mkoromo au ukunga, na tukagundua kwamba yote matatu yamo, kila moja mahali pake. Tuliona pia jambo ambalo msomaji wa ng'ambo asingeliona bila kuelezwa. Wanamuziki wenyewe wamesema kwamba jina lao kwa Kikuyu lina maana ya giza, na wahakiki wakalieleza hivyo. Lakini kwetu sisi duma ni mnyama ashindaye wote kwa mbio. Mtu wa Kimamba akisikia ngoma zile zinavyokimbia, angeanzia hapo.

Sisemi kwamba Kiingereza ni kibaya. Bila makala ile nisingerudi kusikiliza, na mwandishi wake alisikiliza kwa makini kuliko mimi. Wala sisemi kwamba sasa naupenda muziki ule. Bado unanichosha. Lakini leo naweza kueleza sababu: nyimbo nyingine huanza kwenye kilele, zikakosa pa kupanda. Kijana wangu anakataa, na anazo hoja zake. Tangu siku ile tunazungumza zaidi kuliko zamani.

Vijana, ombi langu ni dogo. Andikeni juu ya mnayosikiliza na mnayosoma, kwa lugha mnayobishania bwenini. Namwomba Mhariri awatengee ukurasa mmoja katika kila toleo la gazeti letu. Mimi naahidi kamusi mbili za Kiswahili kwa maktaba ya shule. Nanyi wazee wenzangu, mtoto akipiga kitu msichokielewa, kaeni kitako msikilize kwanza. Kuzima kupo tu.