KUFULI LISILO NA MWENYEWE
Hotuba kwa Makatibu na Watunza Hesabu wa Vyama vya Msingi



Zamani daftari la wanachama lilikuwa moja, na aliyelishika alionekana. Siku hizi katika vyama vingi daftari ni faili lililomo katika seva, na makarani kadhaa hulifikia kwa mtandao. Ili wasiharibiane kazi, programu hulitia kufuli: mmoja aandike, wengine wangoje.

Shida huanza kufuli linapokosa mwenyewe. Umeme hukatika, kompyuta ya karani ikazimika kabla ya faili kufungwa. Katika NFS, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, toleo la 3 huliacha kufuli hilo mpaka kompyuta ile iwake tena na kuiarifu seva. Isipowaka, kufuli hubaki. Toleo la 4 hutoa kufuli kwa muda, mfano wa chumba cha kupanga. Katika seva za Linux muda huo kwa kawaida ni sekunde 90, na usipohuishwa kufuli huweza kuondolewa.

Wakati huo programu inayojaribu tena na tena, bila kufunga ilichofungua, humaliza nafasi zake. Mara nyingi Linux huruhusu kila programu mafaili 1024 tu kwa wakati mmoja. Zikiisha, kazi husimama, na mkulima aliyekuja kupokea malipo huambiwa arudi kesho.

Ndugu zangu, msikimbilie kulivunja kufuli. Ikiwa mwenyewe bado anaandika, wawili wataandika pamoja na hesabu ya mkulima itapotea. Wala kulifuta faili lililo wazi katika kompyuta hiyo hiyo hakurudishi nafasi: NFS hulipa jina jipya linaloanza na .nfs, nalo hukaa mpaka lifungwe.

Fuateni utaratibu huu. Kwanza, mjueni aliyeshika: amri ya lsof katika kila kompyuta huonyesha programu na mafaili yake, na /proc/locks katika seva ya Linux huorodhesha makufuli. Pili, muulizeni karani mwenyewe kama yumo kazini. Tatu, ifungeni programu iliyokwama kwa utaratibu. Nne, hamieni toleo la 4, na mumtake mtengenezaji wa programu ahakikishe kila faili linalofunguliwa linafungwa, hata kosa linapotokea.

Mali ya wanachama hulindwa na anayeshika kwa uangalifu na kuachia kwa wakati.