Ajali Huanza Kabla ya Ndege Kuruka

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakaazi, madereva na makanga wa Buxton



Wengi wenu mmesafiri kwa ndege kutoka hapa Mombasa, au mmempeleka abiria hadi uwanja wa Moi kule Port Reitz. Na wengi mmeuliza swali hili: ndege imefunga milango, imeanza kutembea, halafu inasimama njiani. Inangoja nini? Leo nataka tulijibu pamoja, kwa sababu jibu lake linawahusu hata wenye tuktuk na matatu.

Ndege haitoki kwenye maegesho ikaruka papo hapo. Hupita kwanza kwenye viungio, yaani njia zinazounganisha maegesho na barabara ya kurukia. Abiria huona hakuna kinachoendelea. Kumbe marubani wana kazi nyingi: wanafuata ramani ya uwanja, wanasikiliza maagizo ya mnara na kuyarudia kwa sauti, na wanapitia orodha ya ukaguzi. Sisi husema pole pole ndio mwendo. Lakini upole wa mwendo peke yake hautoshi.

Mfano wa kwanza ni wa hapa Kenya. Tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747 iliondoka Nairobi kuelekea Johannesburg ikiwa na watu 157. Vibawa vidogo vya mbele ya mabawa, vinavyosaidia ndege kupaa ikiwa bado na mwendo mdogo, havikuwa vimefunguka. Vilisukumwa kwa hewa yenye shinikizo, na vali za hewa hiyo zilikuwa zimefungwa. Wachunguzi walisema orodha ya ukaguzi haikukamilishwa ipasavyo. Ndege ilipanda kidogo tu, ikaanguka mbele ya mwisho wa barabara ya kurukia. Watu 59 walifariki. Kosa lilikuwa limeshafanyika ndege ikiwa bado ardhini.

Mfano wa pili ni wa Johannesburg, tarehe 22 Desemba 2013. Ndege ya British Airways, Boeing 747 vilevile, ilikuwa ikielekea kuruka usiku kwenda London. Marubani waliambiwa wafuate kiungio fulani. Walipofika penye kugawanyika njia, wakaenda moja kwa moja na kuingia kiungio kingine kilicho chembamba. Bawa la kulia likapasua ukuta wa jengo la ofisi. Wafanyakazi wanne waliokuwa ndani walipata majeraha madogo. Mtu wa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa zaidi. Ameona lori likiingia kichochoro kisicho chake, dereva akidhani mbele patapanuka.

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Uhispania, kulikuwa na ukungu. Ndege ya Pan Am ilikuwa ikitembea juu ya barabara ya kurukia, ikitafuta njia ya kutokea, nayo ilikuwa imeipita ile iliyoelekezwa. Upande wa pili, rubani mkuu wa KLM alianza kuondoka kabla ya kupewa ruhusa. Mhandisi wake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu wa uzoefu mkubwa na sifa, akajibu kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza. Watu 583 walikufa.

Tangu hapo mashirika ya ndege yamefundisha jambo lililokuwa gumu kwa wakubwa kulimeza: mdogo ana wajibu wa kusema, na mkubwa ana wajibu wa kusikiliza. Rubani akipotea kwenye viungio, anatakiwa asimame na auambie mnara kwamba hajui alipo. Hakuna aibu hapo. Ndiyo maana wakati mwingine ndege yako husimama.

Ndugu zangu, usalama wa anga si kazi ya kaunti. Ni ya Serikali ya Kitaifa, kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Lakini Katiba ya 2010 imeipa kaunti barabara za kaunti, maegesho, taa za barabarani na zimamoto. Kwa hivyo nazungumzia yaliyo karibu nasi.

Hapa Buxton, gari linalorudi nyuma kituoni halina mbio, na mtoto anayevuka nyuma yake hajui kwamba dereva hamwoni. Makanga amemwona. Lakini dereva ni mtu mzima, makanga ni kijana, na adabu zetu za pwani zinamfundisha asimkatize mkubwa. Nawaomba wazee mnisaidie kulisema hili: "Mzee, simama, kuna mtu nyuma" si utovu wa adabu. Ni heshima kwa uhai wake yule dereva, na wa mtoto wa jirani.

Basi, dereva, kabla ya kuwasha gari asubuhi, kagua breki, magurudumu, taa na vioo kwa utaratibu uleule kila siku, hata kama jana vilikuwa sawa. Ukielekezwa njia na ukawa na shaka, simama ukaulize. Makanga, usiseme "twende" kabla hujatazama nyuma kwa macho yako mwenyewe. Na abiria, dereva akisimama kwa dakika moja kuhakikisha, msimpigie kelele. Dharura ikitokea, pigeni 999 au 112.

Sasa nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na makanga.